Walioona na Hawakuulizwa: Majeraha ya Nafsi kwa Vijana wa Kisii na Nyamira

Mjadala kuhusu ukatili katika kaunti za Kisii na Nyamira umezoea kuhesabu waliouawa, waliokamatwa na waliofikishwa kortini, na kwa mazoea hayo umelisahau kundi lililo kubwa kuliko hao wote, yaani watoto na vijana waliokuwapo ukatili ulipotendeka, wakaona, wakasikia, kisha wakarudi shuleni au shambani bila mtu yeyote kuwauliza walichokiona. Kundi hilo halina jalada polisi, halitajwi katika hukumu, na halimo katika bajeti za kaunti isipokuwa kwa maneno ya jumla kuhusu vijana. Hoja ya makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya ukatili unaozuka upya katika nyanda za Gusii inatokana na majeraha ya watoto hao ambayo hayakutibiwa, na kwamba adhabu peke yake, hata ikiwa ya haki, haiwezi kuukata mzunguko huo ikiwa aliyeshuhudia anaachwa akue na alichokishuhudia.

Kiwewe, kwa maana wanayoitumia wataalamu wa afya ya akili, ni zaidi ya hofu ambayo kila binadamu huipata na kuisahau. Ni jeraha la nafsi linalompata mtu aliyekabiliwa na kifo, majeraha makubwa ya mwili au dhuluma ya kingono, iwe yamempata yeye mwenyewe au mtu aliye mbele ya macho yake, kiasi kwamba akili inashindwa kuliweka tukio hilo mahali pake miongoni mwa mambo yaliyopita. Jeraha hilo likidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuharibu maisha ya kila siku, huitwa ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe, ambao Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza katika mwongozo wake wa magonjwa mwaka 1980. Mgonjwa huliona tukio upya akiwa macho au ndotoni, hukwepa njia, watu na mazungumzo yanayomkumbusha, hushtuka kwa kelele ndogo, hukosa usingizi, hukasirika upesi, na mara nyingine hufa ganzi moyoni hata asiweze kufurahi wala kulia.

Mwili nao una hesabu yake. Hatari inapotokea, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga king'ora, moyo huenda mbio, na tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli inayomwandaa mtu kupigana au kukimbia, na hatari ikipita mambo hayo yote hutulia. Kwa mtoto anayeishi mahali ambapo hatari haipiti, ambapo baba hurudi amelewa kila Ijumaa au jirani ametishia kulichoma boma, king'ora hicho hakizimiki, na ubongo ambao ulipaswa kutumia miaka hiyo kujifunza lugha, hesabu na urafiki huitumia kujifunza kujihami. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwezesha mtu kusita na kupima kabla ya kutenda, huendelea kukomaa hadi umri wa miaka ishirini na kitu, kwa hiyo ukatili wa utotoni huivamia kazi ambayo haijakwisha.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa San Diego, Marekani, ambapo maelfu ya watu wazima waliulizwa kama waliwahi kupigwa, kudhulumiwa kingono au kumwona mama yao akipigwa walipokuwa wadogo. Ilibainika kwamba kadiri mambo hayo yalivyorundikana katika utoto wa mtu ndivyo ulevi, sonona (yaani huzuni nzito inayomlemaza mtu kwa majuma au miezi), majaribio ya kujiua na hata magonjwa ya moyo yalivyoongezeka ukubwani. Utafiti huo ulifanywa miongoni mwa watu wengi wenye kazi, elimu na bima ya afya, jambo linalopaswa kumfanya msomaji wa miji ya Gusii kama Keroka au Ogembo ajiulize matokeo yangekuwaje mahali ambapo hata hayo hayapo.

Nyanda za Gusii ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa zaidi nchini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira, na katika Kisii hiyo ni sawa na watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba, wengi wao wakitegemea vipande vya ardhi vilivyogawanywa kutoka kwa babu hadi kwa baba na kutoka kwa baba hadi kwa wana, mpaka ndugu wanne wakajikuta wakipakana kwa ua mmoja wa matete, migomba michache na mistari kadhaa ya majani chai. Katika mazingira ya namna hiyo hakuna ukatili unaofanyika faraghani. Yowe linalopigwa upande mmoja wa kilima husikika upande wa pili, mwanga wa nyumba inayowaka huonekana kutoka maboma hamsini, na kila boma kati ya hayo lina watoto.

Mauaji ya watu wanaotuhumiwa kuwa wachawi ndiyo yaliyoipa Gusii sifa mbaya kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo yanayoonyesha wazi zaidi jinsi vijana walivyo mashahidi na watendaji kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulizuka wimbi la kuwachoma moto watuhumiwa ambalo mwanaanthropolojia Justus Ogembo alilichunguza kwa kina katika kitabu alichokichapisha mwaka 2006. Mnamo Mei 2008 watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto na kundi la watu huko Kisii, na tarehe 17 Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa katika kijiji cha Nyagonyi, eneo la Marani, kwa tuhuma kwamba walimroga kijana mmoja. Wazee wanaotajwa kuwa abarogi, neno la Ekegusii kwa wachawi, mara nyingi ni wajane wanaoishi peke yao juu ya ardhi ambayo mtu mwingine anaitaka, na maofisa wa utawala pamoja na watetezi wa haki wamesema mara kwa mara kwamba nyuma ya tuhuma hizo umo ugomvi wa urithi.

Kinachosemwa kidogo ni kwamba umati unaoizingira nyumba usiku kwa kawaida ni wa vijana, na kwamba wengi wao walikuwa watoto wakati wimbi lililotangulia lilipopita kijijini kwao. Mtoto aliyesimama kando ya njia mwaka 2008 akiwa na miaka minane alikuwa na miaka ishirini na mmoja mwaka 2021. Si kila mtoto aliyeona hugeuka kuwa mtendaji, na utafiti wa kiwewe popote duniani unasisitiza kwamba walio wengi hawageuki, lakini mtoto aliyejifunza kwamba kijiji kizima kinaweza kumchoma bibi na kesho yake kuchuma majani chai kama kawaida amefundishwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba uhai wa mtu unaweza kufutwa kwa tuhuma, na kwamba jambo la namna hiyo halizungumzwi.

Hapa pana hasara ambayo hata wanaoyalaani mauaji hayo hawaitaji. Desturi ya Abagusii, yaani wenyeji wa Gusii, ina kanuni za heshima na haya kati ya vizazi viwili vinavyofuatana, zinazoitwa chinsoni, ambazo kwazo baba na mwanawe, au mama na bintiye aliyebaleghe, hawazungumzii waziwazi mambo ya mwili, ya tendo la ndoa wala ya aibu, ilhali babu na bibi wanaruhusiwa na desturi hiyohiyo kuwa na mzaha na uwazi mkubwa na wajukuu wao. Kwa muda mrefu, basi, bibi ndiye aliyekuwa mlango wa mtoto mwenye jambo zito: binti aliyeguswa vibaya na mjomba, au mvulana anayeogopa kurudi nyumbani, alikuwa na mahali pa kwenda jioni bila kuvunja heshima ya mtu. Jamii inapomfanya mkongwe kuwa mtu wa kuogopwa, inapomwonya mtoto asile kwa bibi na asiingie nyumbani mwake jua likitua, inamnyang'anya mtoto huyo msikilizaji ambaye desturi yenyewe ilimpa, na haijaweka mwingine mahali pake.

Upande wa mashariki na kusini jeraha lina sura nyingine. Mpaka kati ya Borabu, katika Kaunti ya Nyamira, na Sotik, katika Kaunti ya Bomet, umeshuhudia wizi wa mifugo na mapigano ya mara kwa mara tangu miaka ya mwanzo ya siasa za vyama vingi, na upande wa Nyangusu, kuelekea Trans Mara, hali haijawa tofauti sana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati watu zaidi ya 1,100 walipouawa kote nchini kwa mujibu wa Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia hizo, maduka na nyumba zilichomwa katika soko la Chepilat lililo mpakani, na maelfu ya Abagusii waliokuwa wakiishi Bonde la Ufa walirudi kwa jamaa zao Kisii na Nyamira. Serikali iliwaita wakimbizi waliojumuika na jamii, kwa maana kwamba hawakukaa kambini bali walipokewa na ndugu, na takwimu zake zilionyesha kwamba watu wa namna hiyo nchini walikuwa zaidi ya 300,000. Kwa kuwa hawakuwa na hema wala kambi, hawakuwa na mshauri nasaha pia. Mtoto aliyetoka kuona nyumba yao ikiteketea aliingizwa darasani katika shule ngeni, akapewa kiti, na mwalimu akaendelea na somo.

Watoto hao leo ni watu wazima, na wengi wao ni wazazi. Inafaa jambo hilo lizingatiwe, kwa sababu kiwewe kina njia ya kuvuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto bila tukio jipya kutokea: mama anayeshtuka kila mlango unapogongwa humfundisha mwanawe kushtuka, na baba aliyejifunza kuzima kumbukumbu zake kwa chang'aa huzileta nyumbani kwa njia ya ngumi. Ni vigumu kuueleza ulevi wa vijana vijijini kwa ukosefu wa kazi peke yake wakati wapo vijana wengi maskini wasiolewa, na wakati baadhi ya wanaolewa husema wazi kwamba wanachokitafuta ni usingizi.

Ukatili wa nyumbani hauhitaji umati wala uchaguzi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2010 uligundua kwamba miongoni mwa Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 24, asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walikuwa wamedhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18; utafiti kama huo wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba viwango hivyo vilishuka hadi asilimia 15.6 kwa wanawake na 6.4 kwa wanaume. Kushuka huko ni habari njema na ni ushahidi kwamba sheria, elimu na kampeni huleta matokeo, ingawa viwango hivyo bado vina maana kwamba katika darasa la wasichana arobaini wapo sita hivi waliobeba siri ya namna hiyo. Kuhusu Gusii hasa, mwanaanthropolojia wa Kimarekani Robert LeVine aliandika mwaka 1959 kwamba kesi za ubakaji zilikuwa nyingi kuliko kawaida katika mahakama za wilaya hiyo, na maandishi yake yamenukuliwa tangu wakati huo na watu wanaotaka kuifanya jamii nzima kuwa na hulka ya ukatili. Matumizi hayo si ya haki. Takwimu za mahakama za kikoloni zilipima walioshtakiwa chini ya utawala wa kigeni, katika kipindi ambacho mahari ilikuwa imepanda na vijana wengi walikuwa wamekwama bila ndoa wala ardhi, na funzo lililo na faida kutoka kwake ni jinsi vijana waliofungiwa njia zote za kuwa watu wazima wanavyoweza kugeuza hasira yao dhidi ya walio dhaifu kuliko wao.

Ukeketaji nao una nafasi yake katika hesabu hii, hata kama wengi wanaoutenda wanauona kuwa upendo kwa mtoto. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 84 ya wanawake wa jamii ya Abagusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 21. Sheria ya mwaka 2011 iliharamisha tendo hilo, na Gusii imekuwa mojawapo ya sehemu ambazo tendo hilo limehamishiwa mikononi mwa wauguzi na watu wengine wenye mafunzo ya tiba, wanaoitwa nyumbani kwa siri katika likizo za shule, kwa imani kwamba wembe safi na dawa ya ganzi huondoa madhara. Dawa ya ganzi hulaza neva kwa saa chache. Haimwondolei mtoto wa darasa la tatu kumbukumbu ya kushikwa miguu na mashangazi anaowapenda, wala haimwambii amwamini nani baada ya hapo. Utafiti mdogo uliofanywa Dakar, Senegal, na kuchapishwa mwaka 2005 uliona dalili kamili za mfadhaiko baada ya kiwewe kwa karibu theluthi moja ya wanawake waliokeketwa waliohojiwa, na ingawa wanawake 23 ni wachache mno kuweza kuipima nchi nzima, ni wengi vya kutosha kuikanusha dhana kwamba jambo linalokubaliwa na jamii haliwezi kuijeruhi nafsi.

Mwishoni mwa mwaka 2022 taifa lilitikiswa na habari za mtoto wa miaka mitatu huko Marani aliyeng'olewa macho. Michango ilimiminika, viongozi walifika, na baadaye mahakama iliwahukumu watu wa ukoo wake. Yote hayo yalistahili kufanywa. Hata hivyo katika kijiji cha mtoto huyo walikuwapo watoto wengine, waliomtafuta mwenzao siku hiyo, waliowaona polisi na magari ya televisheni, na waliowasikia watu wazima wakisimulia usiku kucha kilichofanyika; hao nao walihitaji mtu wa kukaa nao.

Shuleni ndiko kiwewe kinakoonekana zaidi na kutambuliwa kidogo zaidi. Mtoto anayekesha kwa jinamizi husinzia saa tatu asubuhi na kuitwa mvivu. Anayekwepa kumbukumbu hutoroka somo na kuitwa mtoro. Aliye tayari kujihami wakati wote humvamia mwenzake kwa kuguswa begani tu, na huyo huitwa mkaidi. Mnamo Januari 2021 mwanafunzi wa shule moja ya sekondari mjini Kisii aliwachoma kisu walimu wawili, na katika mjadala uliofuata Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, alipendekeza kurudishwa kwa kiboko, ambacho kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Hasira ya walimu inaeleweka, kwa maana wao pia ni binadamu na baadhi yao wanakwenda kazini kwa hofu, lakini kumpiga mtoto ambaye ubongo wake tayari unasubiri kipigo ni kumthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kusubiri. Kila shule ya sekondari inatakiwa kuwa na idara ya ushauri nasaha. Katika shule nyingi idara hiyo ni mwalimu mmoja wa Kiswahili au dini mwenye vipindi vingi kama wenzake, asiye na chumba cha faragha, na ambaye mara nyingine ndiye pia anayesimamia nidhamu, hivi kwamba mwanafunzi anatakiwa kumfungulia moyo mtu atakayeamua kama arudishwe nyumbani.

Mfumo wa sheria na afya una makosa ya aina hiyohiyo. Msichana aliyenajisiwa akifika hospitalini ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI na za kuzuia mimba, na karatasi mbili zitajazwa kwa ajili yake. Ya kwanza ni fomu ya polisi ya P3, inayomwuliza daktari kuhusu nguo, majeraha, umri wa majeraha hayo, aina ya silaha iliyotumika na kiwango cha madhara. Ya pili ni fomu ya Wizara ya Afya ya huduma baada ya ubakaji, ambayo sehemu yake ya pili imetengwa kwa tathmini ya kisaikolojia: mwonekano wa manusura, hali yake ya moyo, usemi wake, mawazo ya kujidhuru. Kuwapo kwa sehemu hiyo ni ushindi wa watu walioupigania, kwa sababu inakiri kwamba nafsi nayo imepigwa, lakini sehemu hiyo ikijazwa haraka na muuguzi mwenye foleni nje ya mlango, na kusiwe na mtu wa kumpokea manusura juma linalofuata, inabaki kuwa kumbukumbu ya jeraha bila tiba yake. Hali huwa mbaya zaidi pale familia mbili zinapokutana kwa mzee wa kijiji na kumaliza kesi kwa ng'ombe au fedha, kwa kuwa mtoto hulazimika kumwona aliyemdhulumu sokoni na kanisani, akijua kwamba maumivu yake yalikwisha kupewa bei.

Nchi ina madaktari wa akili wachache mno, na wengi wao wako Nairobi, kwa hiyo kusubiri kila zahanati ya Nyamira ipate mtaalamu ni sawa na kuamua kutofanya lolote. Habari ya kutia moyo ni kwamba majaribio yaliyofanywa katika eneo hili la Afrika yameonyesha kuwa watu wa kawaida waliofunzwa vizuri na kusimamiwa wanaweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Katika Bungoma, magharibi mwa Kenya, na Moshi, Tanzania, watoto yatima 640 waliokuwa na dalili za kiwewe walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambapo baadhi yao walihudhuria vikao 12 vya vikundi vilivyoongozwa na washauri wasio na shahada ya saikolojia, wakafundishwa kutuliza mwili, kulisimulia tukio hatua kwa hatua hadi likapoteza makali yake, na kuzungumza na walezi wao. Matokeo yalikuwa mazuri hasa upande wa Kenya. Huko Nairobi na Kiambu mpango wa Shamiri uliwatumia vijana waliomaliza kidato cha nne kuwaongoza wanafunzi wa sekondari katika mazungumzo ya saa moja kwa majuma manne, na majaribio yaliyohusisha wanafunzi 413, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba sonona na wasiwasi vilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Jaribio moja la Uganda linahitaji kusomwa kwa makini zaidi na wanaopanga huduma za Gusii. Katika kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda, vijana 314 wenye umri wa miaka 14 hadi 17 waligawanywa katika makundi, na tiba ya vikundi inayolenga mahusiano ya mtu na watu wake iliwasaidia wasichana waliokuwa na sonona kwa kiasi kikubwa, ilhali kwa wavulana nafuu haikuwa ya wazi. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2007, hayamaanishi kwamba wavulana hawatibiki. Yanaashiria kwamba mvulana aliyefundishwa tangu tohara kuwa mwanamume hulia kimoyomoyo anahitaji kuendewa kwa njia yake, katika kazi, mchezo au kituo cha bodaboda, na mtu anayemheshimu, kabla hajaombwa aketi katika duara na kusema alivyo. Gusii ina maelfu ya vijana wa bodaboda, ina timu za kandanda katika kila kata na ina vyama vya vijana katika makanisa ya Waadventista na ya Wakatoliki, ambayo ndiyo yenye waumini wengi katika kaunti hizi mbili. Hiyo ndiyo milango ambayo wavulana tayari wanaipita.

Kanisa na wazee wa etureti, baraza la jadi la kusuluhisha migogoro, wana nafasi ambayo hakuna wizara inayoweza kuichukua, kwa sababu tuhuma ya uchawi huanza kama mnong'ono wa mazishi na ugonjwa, na mahali hapo pasta na mzee hufika kabla ya polisi. Pasta anayehubiri kwamba ugonjwa wa kijana una mtu aliyeutuma ameshaanza kukusanya kuni. Anayesimama kwenye mazishi hayohayo na kusema kwamba marehemu alikufa kwa kisukari, na kwamba bibi jirani asiguswe, anawalinda wawili: bibi, na mtoto ambaye angemwona akifa.

Sheria imeanza kusogea. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyotiwa saini mwaka 2022 yanazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo katika jamii, Sheria ya Watoto ya mwaka huohuo imepandisha umri wa kuwajibika kwa makosa ya jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo una uzito kwa vijana, ambao kwa miaka mingi walitibiwa sumu hospitalini wakiwa na askari kando ya kitanda. Tangu mwaka 2023, zaidi ya wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini wamepewa vifaa na kuanza kulipwa posho ili wazitembelee kaya, na hao, wanaozungumza Ekegusii na wanaojua ni boma gani lililochomwa na ni mtoto yupi aliyeacha kuzungumza tangu siku hiyo, ndio watu wanaofaa kufunzwa kukitambua kiwewe kama wanavyofunzwa kuitambua malaria.

Mabunge ya Kisii na Nyamira yana uwezo wa kutenga fedha za mafunzo hayo, za mshauri nasaha wa kudumu katika kila hospitali ya kaunti ndogo, na za kikosi kidogo kitakachofika kijijini ndani ya juma moja baada ya mauaji au uchomaji ili kukutana na watoto wa mahali hapo, na wakazi wanaoalikwa kila mwaka kutoa maoni kuhusu bajeti wana haki ya kuyataja mambo hayo kwa majina yake na kuuliza mwaka unaofuata yalifikia wapi. Kwa mzazi, mwalimu au jirani ambaye hawezi kuisubiri bajeti, nambari 116 ya kuwasaidia watoto na nambari 1195 ya manusura wa ukatili wa kijinsia hupokea simu usiku na mchana, bila malipo, kutoka mahali popote nchini.